Muulize Fundi wa Bendera: Ya Ayalandi ni ipi kati ya hizi nne?

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazohusu nchi moja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu aliyeiandika ana harusi mbele yake na kitambaa bado hakijakatwa.

Barua ya kwanza

Fundi, shikamoo. Nina nyumba ya wageni hapa Jambiani, vyumba 6 tu. Mwezi wa saba nitapokea harusi ya wageni kutoka Ayalandi, watu 22. Bibi harusi kwao Cork, bwana harusi kwao Belfast. Wameniandikia kuwa wangependa wakute bendera ya kwao inapepea ufukweni pamoja na ya Tanzania. Mwanangu katafuta kwenye simu kanipatia picha nne, na zote zimeandikwa bendera ya Ayalandi. Moja ina mapande matatu ya kusimama: kijani, nyeupe na rangi ya machungwa. Ya pili kijani tupu, ina kinubi cha dhahabu. Ya tatu nyeupe, ina mistari miwili myekundu iliyopishana mshazari. Ya nne nyeupe, ina msalaba mwekundu, na katikati nyota yenye mkono mwekundu, na juu yake taji. Mimi hii ya nne imenipendeza, ina kazi nyingi, naona ndiyo yenye heshima. Fundi wa huku kaniambia zote ni za Ayalandi, nichague niipendayo. Ni kweli?

Mama wa nyumba ya wageni, Jambiani

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuuliza mapema.

Fundi wako hakukosea aliposema zote nne ni za Ayalandi. Alikosea aliposema uchague uipendayo. Bendera si pazia. Ile unayoiona nzuri wewe, mgeni wako anaweza kuiona mlangoni akageuza uso, tena siku ya harusi yake.

Tuanze na hiyo ya mkono, maana ndiyo iliyokuvutia. Iache. Kisiwa cha Ayalandi ni kimoja lakini kimegawika: Jamhuri ya Ayalandi ina kaunti 26 na mji mkuu wake ni Dublin, Ayalandi ya Kaskazini ina kaunti 6, mji wake ni Belfast, na iko chini ya Uingereza. Hiyo bendera ya mkono ilikuwa ya serikali ya kaskazini kuanzia mwaka 1953 mpaka 1972, serikali yenyewe ilipoondolewa. Ncha sita za nyota ni zile kaunti 6, na taji ni la ufalme wa Uingereza. Mkono ni wa zamani zaidi kuliko hayo yote, ni alama ya jimbo la Ulster. Wana hadithi yao kwamba watu walishindana kwa vyombo baharini, atakayegusa nchi kavu kwanza ndiye mwenye nchi. Mmoja akaona anaachwa, akaukata mkono wake akautupa ufukweni. Sisi watu wa madau tunaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Lakini leo bendera ile haina hadhi ya kiserikali, na wanaoipeperusha zaidi ni wale wanaotaka kaskazini ibaki na Uingereza. Bibi harusi wako anatoka Cork, kusini kabisa. Ukimpandishia hiyo utakuwa umempokea kwa bendera ya upande ambao si wake.

Ya mistari ya mshazari ni msalaba unaoitwa wa Mtakatifu Patrick. Ulitumika kwenye nishani ya mwaka 1783, kisha mwaka 1801 ukaingizwa ndani ya bendera ya Uingereza. Wazee waliokuwepo hapa Unguja kabla ya 1963 wameuona mara nyingi bila kuujua: ile mistari myembamba myekundu ya mshazari ndani ya bendera ya Mwingereza ndiyo hiyo. Waayalandi wengi hawaihesabu kuwa ni bendera ya kwao. Nayo iache.

Ya kinubi ina hadhi yake. Kijani chenye kinubi kilibebwa na wapiganaji tangu mwaka 1642, zaidi ya miaka 200 kabla ya hayo mapande matatu. Mpaka leo kinubi ndicho nembo ya dola. Utakiona kwenye pasipoti za wageni wako na kwenye sarafu za yuro zinazotoka kwao, na bendera ya rais wao ni ya buluu yenye kinubi cha dhahabu. Nimezoea kuona ganuni na udi kwenye kumbi zetu za taarabu, na nikiri kwamba nchi iliyochagua ala ya nyuzi iwe muhuri wake imenikaa moyoni. Ila kijani chenye kinubi siku hizi ni bendera ya jimbo moja kati ya manne, Leinster, na si bendera ya taifa.

Basi inabaki hiyo ya mapande matatu, ambayo fundi wengi wanaidharau kwa kuwa haina kazi. Hiyo ndiyo bendera ya taifa. Imeandikwa kwenye Katiba yao ya mwaka 1937, ibara ya 7: bendera ya taifa ni ya rangi tatu, kijani, nyeupe na machungwa. Na mimi nakwambia, kati ya bendera zote nilizokata na kushona mezani kwangu Mkunazini, sijaona nyingine iliyoweka jambo zito hivi ndani ya kitambaa chepesi hivi.

Nimejifunza hilo kwa kukosea. Miaka mingi nyuma hoteli moja ya kaskazini iliniagiza bendera hiyo. Nikaishona vizuri, rangi zikawa sawa, ila mkanda wa kamba nikautia upande wa machungwa badala ya upande wa kijani. Nikalipwa, nikasahau. Baada ya siku kama nne akaja dukani mzee wa Kiayalandi, bendera ameikunja kwapani. Hakugomba. Aliitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akaweka kidole kwenye mkanda wa kamba, akaniambia taratibu kwa Kiingereza cha kunionea huruma kwamba hii ni Ivory Coast. Ni kweli: Ivory Coast rangi ni hizo hizo, ila machungwa ndiyo iliyo mlingotini. Nikamwomba radhi, nikamwagizia kahawa, na wakati nafumua mkanda akaanza kunieleza.

Kijani, akasema, ni wale Waayalandi wa asili ya Kigaeli, wengi wao Wakatoliki, waliotaka nchi ijitawale. Machungwa si tunda. Ni jina la mfalme, William wa Orange, Mprotestanti aliyewashinda Wakatoliki kwenye vita vya mto Boyne mwaka 1690, na wafuasi wake wakaichukua rangi inayofanana na jina lake. Mpaka leo wapo wanaoandamana nayo kila Julai. Kwa hiyo kijani na machungwa ni mahasimu wa miaka mingi. Halafu akaweka kiganja chote juu ya pande jeupe, hakuweka kidole, kiganja, akakiacha pale. Akasema hapa ndipo penye maneno.

Aliyeitoa mara ya kwanza hadharani alikuwa kijana wa miaka 24, Thomas Francis Meagher, katika mji wa kwao Waterford, tarehe 7 Machi 1848. Mwezi uliofuata aliionesha tena Dublin, ya hariri, akaeleza kwamba nyeupe ya katikati ni suluhu ya kudumu kati ya machungwa na kijani, na kwamba chini ya kitambaa hicho Mprotestanti na Mkatoliki wapeane mikono kama ndugu. Mwaka haukwisha akahukumiwa kifo kwa uasi, adhabu ikabadilishwa, akapelekwa uhamishoni Tasmania, na huko akatorokea Marekani. Bendera ikakaa miaka karibu 70 bila kuwa ya dola yoyote, mpaka Pasaka ya mwaka 1916, waasi walipoipandisha juu ya Posta Kuu ya Dublin. (Siku hiyo hiyo ilipandishwa na nyingine ya kijani yenye maandishi ya dhahabu, na inasimuliwa kuwa kitambaa chake kilikuwa shuka la kitandani. Waingereza waliichukua, wakairudisha mwaka 1966. Ukiwa fundi huwezi kuacha kuifikiria hiyo shuka.)

Yule mzee alipoondoka sikuendelea na kazi mara moja. Nilikuwa na kitambaa cheupe mkononi na nilikuwa nawaza kwetu. Wewe, mwanangu, huenda ulikuwa mdogo miaka ya tisini. Mimi nimeishi wakati ule ambapo watu wa kijiji kimoja hawakuzikana kwa ajili ya vyama. Nilikwenda Wete kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu nikakuta sahani za pilau zimebaki zimejaa, kwa kuwa nusu ya ukoo haikuja, na nyumba zao ziko hatua chache tu kutoka pale. Hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ilipofika mwaka 2010 tukapiga kura ya maoni ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, niliona watu wa pande mbili wanasalimiana kwa mkono barazani, na nilichokiona akilini ni kile kiganja cha mzee juu ya pande jeupe. Kwa hiyo mtu akiniambia ile nyeupe ni nafasi tupu tu ya kutenganisha rangi, namwambia hapana. Nyeupe ndiyo iliyozishika zile mbili. Ukiitoa, unabaki na vitambaa viwili visivyotaka kukaa pamoja.

Sasa nirudi kwa bwana harusi wako, maana hapo ndipo pagumu. Ametoka Belfast. Kule, maana ya nyeupe bado haijawafikia watu wote. Wapo wanaoiona bendera hii kuwa ni yao kabisa, na wapo jirani zao wanaoiona ni ya upande wa pili. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 umewapa watu wa kaskazini haki ya kujihesabu Waayalandi, au Waingereza, au vyote viwili, na jina la mji haliwezi kukwambia huyu ni yupi. Kwa hiyo mwandikie. Usimuulize dini yake wala siasa yake. Muulize hivi tu: "Ni bendera ipi mngependa muikute?" Atakujibu kwa furaha kwamba umeuliza.

Akisema ya rangi tatu, umemaliza. Akisita, au bibi harusi akisema bora tuache bendera, usihuzunike. Weka jani la mapande matatu, lile wanaloliita la Mtakatifu Patrick. Linapendwa pande zote mbili za mpaka. Na kwa upande wa bibi harusi weka vitambaa vyekundu na vyeupe. Hizo ni rangi za kaunti ya Cork kwenye michezo yao ya jadi, na mtu wa Cork akiziona mbali na kwao moyo wake utafunguka kuliko kwa bendera yoyote.

Ukiambiwa ushone, mpe fundi wako vipimo hivi. Bendera ya Ayalandi urefu wake ni mara mbili ya kimo. Ya Tanzania ni tatu kwa mbili. Ukizipandisha pamoja kwa kimo cha sentimita 90, ya kwetu itakuwa na urefu wa 135 na ya kwao 180. Asije akaikata ya kwao ilingane na ya kwetu ili "zipendeze". Kila pande liwe sentimita 60, sawa kwa sawa, lisizidi hata moja. Kwa hiyo akate jeupe kwa sentimita 63, kwa sababu linashonwa pande zote mbili na kila mshono unakula moja na nusu. Kijani aongeze ya mshono na ya kuingilia kwenye mkanda wa kamba. Machungwa aongeze ya mshono mmoja, kisha sentimita 4 za pindo la mwisho, alikunje mara mbili na alipige cherehani mistari mitatu.

Pindo hilo asilifanyie haraka. Mwezi wa saba ni kusi, na Jambiani kusi linakuja moja kwa moja kutoka baharini. Bendera huanza kuliwa kwenye ncha iliyo mbali na mlingoti, na kwenye hii ncha hiyo ni machungwa. Nyuzi zitaanza kutoka kwenye kona ya chini, kisha kitambaa kichanike mikanda mikanda. Nimeona mafundi wakirekebisha kwa kukata sehemu iliyochanika na kupiga pindo jipya. Kwenye bendera nyingine huenda hakuna atakayeona. Kwenye hii umepunguza machungwa, na ukirudia mara tatu umebaki na bendera inayosema kuwa upande mmoja ni mdogo kuliko mwenzake. Ikichanika, shona mpya.

Rangi nayo. Madukani Darajani ukiomba kitambaa cha machungwa utaoneshwa viwili: kimoja kinaelekea kwenye binzari, kingine ni kama ndani ya papai lililoiva. Chukua cha papai. Serikali yao yenyewe imeelekeza kwamba rangi hiyo isigeuzwe manjano wala dhahabu, na sababu unaijua sasa: manjano haimtaji yeyote kati ya wale wawili. Kijani chukua kile cha jani la mgomba linalopigwa na jua, usichukue cha mkarafuu, kimekoza mno.

Ukifika wakati wa kupandisha, kijani kikae mlingotini, kila bendera iwe na mlingoti wake, na kimo kiwe kimoja na ya Tanzania. Isiguse mchanga. Na mwanao asiandike majina ya maharusi juu yake. Kwao kuandika kitu juu ya bendera ya taifa ni kuivunjia heshima. Majina yaandikwe kwenye kibao.

Barua ya pili

Assalaam alaykum Fundi. Sisi vijana wa maskani hapa Chake Chake tumebishana. Mpira wa miguu Ayalandi ina timu mbili, lakini kwenye raga tunaona timu moja tu, na bendera yake haifanani na ya rangi tatu. Imekuwaje?

Mpenda michezo, Chake Chake

Jibu

Waalaykumu salaam. Nyote mmeona sawa. Kwenye mpira wa miguu kuna vyama viwili: Jamhuri inacheza chini ya bendera ya rangi tatu, na Kaskazini inaitumia ile ya mkono mwekundu niliyomweleza mama wa Jambiani. Raga haikugawika kisiwa kilipogawika mwaka 1921. Wachezaji wa Belfast na wa Dublin wanavaa jezi moja ya kijani yenye lile jani la mapande matatu.

Kwa kuwa hakuna bendera ya nchi inayowaenea wote, chama chao cha raga kimetengeneza ya kwake, na ndani yake wakaweka alama za majimbo manne ya kale. Leinster ni kinubi cha dhahabu juu ya kijani. Munster ni mataji matatu ya dhahabu juu ya buluu. Connacht imegawika kati kwa kati: nusu tai mweusi, nusu mkono ulioshika upanga. Ulster ni manjano yenye msalaba mwekundu na ule mkono. Jimbo la Ulster la kale lina kaunti 9; 6 ziko upande wa Uingereza na 3 ziko ndani ya Jamhuri, kwa hiyo Ulster ya manjano na ile nyeupe yenye nyota si kitu kimoja. Hapo ndipo wengi wanapochanganya, na nadhani ndipo ubishi wenu ulipoanzia.

Barua ya tatu

Fundi, za kazi. Mimi ni fundi mwenzako, Mkokotoni. Wakati wa AFCON iliyochezwa Ivory Coast nilishona bendera zao nyingi, zimenibakia 8. Sasa kuna hoteli inataka za Ayalandi. Naweza kuzigeuza?

Fundi, Mkokotoni

Jibu

Salama, fundi mwenzangu. Kwa rangi inawezekana: ukihamisha mkanda wa kamba kutoka upande wa machungwa kwenda upande wa kijani, utakuwa na mpangilio wa Ayalandi. Kwa kipimo haiwezekani. Za Ivory Coast ni tatu kwa mbili, na za Ayalandi ni mbili kwa moja, kwa hiyo zitakuwa fupi. Mtu wa kwao akizitazama kwa mbali hatajua kosa ni nini, ila ataona kuna kosa.

Kama hoteli inataka za kutundika kwenye kamba ukumbini, waambie ukweli wa kipimo, wakikubali wape kwa bei ndogo. Kama ni ya mlingotini, fumua mapande yote matatu. Ikiwa yako yana kimo cha sentimita 90, kila pande ukilinyoosha litakuwa na upana wa 45 na kidogo. Punguza kimo mpaka 67, na upana huo huo uliobaki utakupa bendera ya 134 kwa 67, ambayo ni mbili kwa moja karibu kabisa. Ukifumua, anza na jeupe, maana limeshikwa pande zote mbili na nyuzi zake hukatika haraka ukivuta kutoka upande wa kijani.